Uzazi wa Samaki wa Mto Nzoia

Mto Nzoia, ambao chimbuko lake ni milima ya Cherangani na miteremko ya Mlima Elgon, husafiri mwendo wa kilomita zipatazo 257, ukapita Webuye penye maporomoko, ukapita kati ya Mumias na Matungu penye mashamba ya miwa, hata ukaishia katika Ziwa Victoria upande wa Budalangi; na kwa vizazi vingi wenyeji wa kingo zake wamekula samaki wake pasipo haja ya kuuliza samaki hao huzaliwa wapi, na kwa utaratibu gani. Swali hilo halikuwa na dharura maadamu mto ulijaa. Leo dharura ipo, kwa kuwa baadhi ya samaki waliokuwa kitoweo cha kila nyumba wamekuwa adimu, na watu wamechimba vidimbwi karibu na maskani yao wakafuga samaki wa jinsi nyingine. Na katika mambo hayo mawili, yaani mto uliopungukiwa na kidimbwi kisichotoa faida iliyotarajiwa, sababu moja kubwa ni kwamba hatujui, au tukijua hatujali, jinsi samaki anavyozaa.

Samaki walio wengi hawachukui mimba kama mbuzi au ng'ombe. Jike huyatoa mayai yake yakiwa bado hayajatungwa uhai, dume aliye karibu naye humwaga shahawa juu yake wakati ule ule, na muungano wa hayo mawili hufanyika nje ya miili ya wazazi, ndani ya maji. Muda wa jambo hilo ni mfupi mno, kwa kuwa mbegu ya dume wa samaki wa maji baridi ikishaingia majini nguvu zake aghalabu hazidumu zaidi ya dakika chache. Kwa hiyo jike na dume hawana budi kufika mahali pamoja kwa wakati mmoja, wakiongozwa na dalili zilizowekwa katika maumbile: kuongezeka kwa maji, kubadilika kwa joto lake, majilio ya mvua, na kwa wengine nuru ya mwezi. Baada ya hapo kila jinsi imepewa njia yake ya kuhifadhi dhuria yake isikatike. Wako wanaotegemea wingi, wakataga mayai kwa maelfu kisha wakayaacha yajitegemee. Na wako wanaotegemea ulinzi, wakataga machache wakayachunga kwa taabu kubwa. Katika maji ya Magharibi ya Kenya njia hizo zote zipo, na kila moja ina mahali pake pa udhaifu, na hapo ndipo mkono wa binadamu humfikia samaki kwa urahisi kuliko kwingine kokote.

Samaki aliyeufanya Mto Nzoia utajwe katika maandiko ya wataalamu ni ningu, ambaye jina lake la kisayansi ni Labeo victorianus. Ni samaki mwenye mdomo ulioelekea chini, ambao kwa huo hukwangua chakula chake juu ya mawe na katika tope, na sehemu kubwa ya maisha yake hukaa ziwani, lakini hazai humo. Mvua kubwa zinyeshapo huku juu na maji mekundu ya mto yakafika ziwani, ningu hukusanyika kwenye mlango wa mto, majike matumbo yao yakiwa yamejaa mayai, kisha huupanda mto kwa makundi, wakishindana na mkondo, wala hawatagi katika mkondo wenyewe. Hungoja mpaka mto ufurike kingo zake, ndipo waingie katika nyasi zilizofunikwa na maji, mahali ambapo siku chache kabla ya hapo ng'ombe walikuwa wakilishwa, na huko hutaga. Jike mmoja huweza kutoa mayai makumi ya elfu, madogo sana, ambayo yakiisha kugusa maji huvimba. Wazazi hawakai kuyalinda, bali hurudi mtoni upesi kabla maji hayajapungua na kuwaacha nchi kavu. Geoffrey Fryer na P. J. P. Whitehead waliichunguza habari hii kwa makini, na mwaka 1959 wakatoa maelezo ya utagaji wa ningu na ya namna kiinitete chake kinavyokua ndani ya yai.

Msomaji atauliza kwa nini samaki ajitaabishe kiasi hicho na ilhali ziwa ni pana. Jibu ni kwamba nyasi zilizofurikiwa ni malezi bora kuliko ziwa lote. Maji yake ni machache na jua huyapasha joto, vidudu vidogo vya kuliwa ni vingi, na samaki wakubwa walao wenzao hawawezi kuingia humo kwa urahisi. Vifaranga wapata majuma kadhaa ya kula na kukua kwa amani, na maji yanapoanza kurejea mtoni nao hurejea pamoja nayo, wakateremka mpaka ziwani. Mpango huu wote unasimama juu ya mambo matatu: njia ya kupanda iwe wazi, mafuriko yaje kwa wakati wake, na bonde la kufurikia liwepo. Likikosekana moja, ningu huzeeka ziwani na mayai yake tumboni.

Wavuvi wa zamani wa Nzoia waliwavua ningu kwa nyuzio za miti na matete zilizowekwa migono, na sehemu ya mitego hiyo ilitegwa katika vijia vya maji yanayorudi mtoni kutoka mabondeni, hata samaki aliyenaswa humo aghalabu alikuwa amekwisha kutaga. Sitaki kudai kwamba wazee hao walikuwa wataalamu wa hifadhi, kwa kuwa walivua ili wale. Lakini mitego yao ilifungamana na mwendo wa maji, na mwendo wa maji uliwaachia samaki nafasi. Nyavu za kutega, zilizoletwa katika Ziwa Victoria mwaka 1905, hazikuwa na subira hiyo, na zilipokuja za nailoni katika miaka ya 1950, zenye nguvu na zisizooza upesi, ikawa rahisi kuzitanda kwenye milango ya mito wakati ule ule ningu wanapokusanyika kupanda. Kila jike aliyenaswa pale alikufa na makumi ya elfu ya mayai yake. Mwaka 1965 mtafiti D. A. Cadwalladr aliandika makala juu ya kuporomoka kwa uvuvi wa ningu katika Ziwa Victoria na juu ya kudhoofika kwa njia za asili za uvuvi katika Mto Nzoia, na kwa rai yangu makala hiyo ingestahili kujulikana na kila mtoto asomaye shule kando ya mto huu, kwa kuwa ni historia ya nyumbani kwao. Samaki hakuisha kwa sababu aliliwa mno. Aliisha kwa sababu alizuiwa mlangoni asizae.

Kambare, ambaye wengi hapa humwita mumi, naye hungoja mafuriko, lakini safari yake ni fupi na tabia yake ni ya usiri zaidi. Usiku, mvua zikiisha kuanza, jike na dume huingia katika maji machache yenye nyasi, dume akajikunja kuzunguka kichwa cha jike, mayai na shahawa vikatoka, na jike akayatawanya mayai kwa mapigo ya mkia wake. Mayai ya kambare yana unato, basi hugandama katika majani na hayachukuliwi na maji. Na katika maji ya uvuguvugu huanguliwa kwa muda wa siku moja hivi au zaidi kidogo. Wazazi hawana habari nayo tena. Kwa kuwa kambare huvuta hewa pia, na si maji peke yake, huweza kuishi katika tope na maji maovu ambayo ningu asingeyastahimili, na hii ni sababu mojawapo ya yeye kubaki tele pale wenzake walipotoweka.

Katika kidimbwi, hata hivyo, kambare hakubali kutaga kwa hiari yake, kwa kuwa hazioni dalili za mafuriko anazozingoja. Wafugaji wa vifaranga hutumia hila: huchukua tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa kambare mwingine, wakaisaga, wakaichanganya na maji ya chumvi kidogo, wakamdunga jike kwa sindano, au wakatumia homoni iliyotengenezwa kiwandani, na baada ya saa kumi au kumi na mbili hivi, kwa kadiri ya joto la maji, tumbo lake hukamuliwa taratibu na mayai hutiririka bakulini. Dume hakamuliki namna hiyo, na kwa sababu hiyo aghalabu hulazimika kuuawa ili kokwa zake zitolewe na shahawa ipatikane. Vifaranga wakiisha kuanguliwa na kuanza kula, sharti wapewe chakula cha kutosha na watengwe wakubwa na wadogo kila mara, la sivyo hulana wao kwa wao, na mfugaji aliyekuwa na elfu nyingi leo hujikuta na mamia kesho.

Tilapia ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba subira ya msomaji, maana hapa ndipo penye hasara ya wafugaji wetu wengi. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi, ilikusudia kuchimbwe vidimbwi 200 katika kila moja la majimbo 140 ya uchaguzi, na nchi ya Magharibi ilipata sehemu yake ya vidimbwi hivyo. Samaki aliyetiwa humo kwa wingi ni tilapia wa Nile, Oreochromis niloticus. Dume wa samaki huyu huchimba shimo la mviringo chini ya maji kwa mdomo na mapezi yake, akalilinda kwa ukali, akamwita jike. Jike hutaga mayai mamia kadhaa, pengine zaidi ya elfu moja akiwa mkubwa, kisha huyaokota yote kwa mdomo wake pamoja na shahawa ya dume, akaondoka. Tangu hapo mdomo wake ndio nyumba ya watoto. Huyageuzageuza mayai yasishikwe na ukungu, huyapitishia maji safi, na kwa muda wa majuma kama mawili hali chakula au hula kidogo sana. Hata vifaranga wakiisha kutoka na kuogelea, wakiona hatari humrudia mama yao wakaingia mdomoni mwake mara moja, na mama akafumba. Mimi sijui ulezi mwingine katika maji yetu unaomshinda huu kwa upole.

Ulezi huo mwema ndio unaomponza mfugaji. Kwa kuwa watoto hulindwa, walio wengi huishi. Na kwa kuwa tilapia akibanwa katika kidimbwi huanza kuzaa angali mdogo, pengine hajatimiza hata nusu mwaka wala uzito wa gramu 100, na akaweza kurudia kila mwezi au mwezi na nusu maji yakiwa na joto, kidimbwi kilichotiwa vifaranga elfu moja hujaa maelfu ya samaki wadogo wanaogombania chakula kile kile. Nguvu ambayo ingekuwa nyama inakwenda katika mayai. Mwenye kidimbwi hungoja miezi minane, akavua, akapata samaki wa urefu wa kidole ambao sokoni hakuna awatakaye, akasema ufugaji wa samaki ni udanganyifu. Si udanganyifu. Dawa zake zinajulikana: kununua vifaranga walio madume matupu, ambao hupatikana kwa kutiwa homoni ya kiume katika chakula chao kwa majuma matatu au manne ya mwanzo, na madume hukua upesi kuliko majike, au kutia kambare wachache katika kidimbwi hicho hicho, baada ya tilapia kukua kiasi cha kutomezeka, ili wawale vifaranga wanaozidi, au, kwa asiye na uwezo wa hayo, kuvua mapema na kukausha kidimbwi kabla ya kutia wengine.

Wala si kila aina ya tilapia hulea kwa mdomo. Yuko yule aitwaye Coptodon zillii, aliyeletwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, ambaye hutaga maelfu ya mayai yenye unato juu ya jiwe au juu ya ardhi iliyosafishwa, na baba na mama wote wawili husimama juu yake wakiyapepea kwa mapezi na kuwafukuza maadui. Pamoja naye aliletwa tilapia wa Nile mwenyewe, na kwa ujio wake ngege wa asili, Oreochromis esculentus, ambaye naye jike wake hulea kwa mdomo, alipata mshindani wa malisho na mahali pa kutagia, na zaidi ya hayo mwenzi wa kuchanganya naye damu. Ngege ametoweka karibu kabisa katika ziwa kubwa, na miongoni mwa maficho yake machache ni Ziwa Kanyaboli, katika kinamasi cha Yala huko Siaya, jirani na Mto Nzoia. Kwa hiyo tilapia anayeponyoka kidimbwini mvua inapofurika si hasara ya mwenye kidimbwi peke yake.

Ziwani wako pia fulu, samaki wadogo wa jamii nyingi ajabu, zaidi ya mia tano kwa hesabu ya wataalamu, ambao majike yao hulea kwa mdomo mayai machache sana, aghalabu makumi tu. Dume wa fulu ana madoa ya rangi ya manjano kwenye pezi lake la chini karibu na mkia, na Wolfgang Wickler mwaka 1962 alieleza kwamba madoa hayo hufanana na mayai, hata jike aliyekwisha kuokota yake huyaendea na hayo, akafungua mdomo, na papo hapo akapokea shahawa ya dume. Ukiwatazama hao, kisha ukamtazama mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, utaona nguzo mbili zilizo mbali kabisa. Jike mkubwa wa mbuta huyamwaga mayai kwa mamilioni katika maji yaliyo wazi, kila yai likiwa na tone la mafuta linaloliwezesha kuelea, na baada ya hapo hana wasiwasi nalo. Mbuta alitiwa katika ziwa katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Alipozidi katika miaka ya 1980, fulu walianguka vibaya, na jamii nyingi zikatoweka. Mama anayelea watoto makumi hawezi kulipa haraka deni la kuliwa na kiumbe azaaye mamilioni.

Kamongo ana heshima yake ya pekee, kwa kuwa kwake baba ndiye mlezi. Dume huchimba kiota katika kinamasi chenye mafunjo, jike, na pengine zaidi ya mmoja, hutaga humo, kisha dume hubaki peke yake akilinda, naye wakati huo ni mkali kiasi cha kumwuma mtu akaribiaye. Watoto wake huzaliwa na matamvua yaliyotokeza nje shingoni, nao hukaa kiotani mpaka waweze kuvuta hewa kwa mapafu yao. P. H. Greenwood wa kituo cha utafiti cha Jinja, Uganda, aliandika habari hizi mwaka 1958. Kinamasi kikikauka kamongo mkubwa huweza kujizika katika tope na kulala mpaka mvua zirudi, lakini mayai na vifaranga hawana uwezo huo, na kila bonde la mafunjo linalochomwa na kulimwa ni nyumba ya uzazi iliyobomolewa.

Baharini maajabu ni mengi zaidi, na nitayagusa tu. Papa wengi huzaa watoto hai. Farasi wa bahari humkabidhi dume mayai, naye huyabeba katika mfuko wa tumboni mpaka azae. Chewa wengi huzaliwa majike, na wakikua baadhi yao hugeuka madume, hivyo mvuvi anayewatoa wakubwa tu huwaacha majike bila waume. Gombesa, yule samaki wa kale aliyevuliwa mbele ya Malindi mwaka 2001, naye huzaa watoto hai: mwaka 1975 jike wake aliyetoka Komoro alipopasuliwa huko New York alikutwa na watoto watano tumboni. Na huko Unguja yuko samaki mdogo, Nothobranchius guentheri, aishiye katika vidimbwi vya mvua vinavyokauka kila mwaka. Wazazi hufa wote, mayai husalia ndani ya udongo mkavu, na mvua zikinyesha huanguliwa.

Lakini turudi Nzoia, ambako bado liko la kufanya. Mwaka 2004 Justus Rutaisire na Anthony Booth walitangaza kwamba wamefaulu kumtagisha ningu aliyefugwa Uganda na kuyaangua mayai yake, basi mbegu ya samaki huyu haijapotea. Ila vifaranga hawatafaa kitu wakirudishwa katika mto ambao milango yake imezibwa kwa nyavu, kingo zake zimelimwa mpaka majini, na maji yake yamechafuliwa na taka za viwanda na udongo wa mashamba. Kwa hiyo nawaomba wenye mashamba ya Matungu yapakanayo na mto waache ukanda wa nyasi na matete usiolimwa, maana ndio mahali pa kutagia. Wenye vidimbwi waulize kwanza jinsia ya vifaranga kabla ya kuwanunua, na wajenge kingo zao samaki wasitorokee mtoni. Na wavuvi, kuanzia Matungu mpaka Budalangi, wasitande nyavu kukata mto katika miezi ya mvua kubwa, Machi hadi Mei. Ningu apishwe apande, atage kwanza, ndipo avuliwe akirudi.